Amri ya Saa Saba Mchana

Laare,
8 Machi 2025

Mpendwa Njoka,

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mwaka juzi nilipiga simu yako, akapokea dada yako Ann, akaniambia masikio yako hayakupona tena tangu lile kombora, na kwamba mtu akitaka kuzungumza nawe sawasawa lazima aandike. Basi naandika. Mimi sijambo. Nina ekari mbili za miraa na mgongo unaonikumbusha umri kila nikiinama. Wanunuzi wanafika na bodaboda jua likichomoza, na ikifika saa nne asubuhi kazi yangu ya siku imekwisha.

Jumatano nilipata mgeni, Kanali Kathuri. Alikuja mwenyewe, amevaa suti, akakaa kwenye kiti changu cha plastiki akanywa chai. Nywele zimekuwa nyeupe lakini sauti ni ileile. Anasema maofisa wastaafu wa kikosi chetu wameunda chama, wanaandika kitabu juu ya vita vya Kituo cha Tatu, na tarehe saba Juni watazindua jiwe la ukumbusho katika shamba lake nje ya Embu mjini. Majina ya wenzetu wote walioanguka yatachongwa hapo. Wote isipokuwa mmoja.

Ukurasa wa hamsini na mbili wa kitabu hicho unasema kwamba Sajini Gichovi aliliacha handaki la mashariki bila amri, yeye na watu wake tisa, na kwamba adui aliingia kambini kupitia pengo hilo. Kanali anataka sisi wawili, maofisa wa pekee tuliobaki hai wa upande ule, tutie sahihi chini ya ukurasa huo. Nimekuwekea nakala yako ndani ya bahasha hii.

Najua itakuuma. Lakini ni miaka kumi na mmoja sasa. Gichovi hayupo, sisi tupo. Anasema pia kwamba mwaka wa 2027 atagombea kiti, na hataki maneno ya chini chini. Tia sahihi tumalize, kila mtu arudi shambani kwake.

Wako,
Kapteni (mstaafu) Kiunga


Siakago,
19 Machi 2025

Afande,

Barua yako nilikabidhiwa na kijana wa duka la vifurushi, nikaisomea palepale nimesimama. Sitatia sahihi.

Miaka hii yote nilidhani Gichovi ameandikwa pamoja na mashujaa. Jopo la uchunguzi lilipokaa, mimi nilikuwa hospitalini nimefungwa bandeji kichwa kizima. Hakuna aliyeniuliza neno, na nilipotoka nikapewa barua ya kustaafu kwa sababu za afya, nikarudi huku kwa mizinga yangu ya nyuki na ndengu. Ripoti sikuiona. Nawe hukuniambia.

Watu hufikiri kiziwi hana kumbukumbu ya sauti. Ni kinyume, Afande. Sauti za siku ile ndizo za mwisho nilizosikia maishani, na hakuna nyingine zilizokuja kuzifunika. Kwa hiyo hebu nikukumbushe.

Ilikuwa saa saba na dakika chache mchana. Askari walikuwa wamemaliza kula. Wewe na mimi tulikuwa katika handaki la kati, nami ndiye niliyeshika redio. Kanali alikuwa magharibi, kwenye handaki lake la amri karibu na tangi la maji. Risasi zilipoanza kumfikia, aliita. Alisema, "Toeni watu wote wa mashariki waje kwangu. Sasa." Nikakutazama. Ukaniambia, "Umesikia. Mpe."

Nikampa Gichovi amri. Aliuliza kitu kimoja tu: "Afande, tukitoka hapa nani atabaki?" Nikamjibu kwamba ni amri. Akasema, "Sawa, Afande." Walitoka watu kumi kwenye uwanja mweupe usio na hata kichaka. Saba hawakufika, Gichovi akiwa mmoja wao, na watatu waliofika hawakuiona jioni. Kisha adui akaingia pale walipotoka, na kombora likaanguka nyuma yetu, na huo ndio mwisho wa kusikia kwangu.

Swali langu ni hili. Jopo lilipokuuliza, uliwaambia nini?

Luteni (mstaafu) Njoka


Laare,
31 Machi 2025

Njoka,

Mvua imeanza huku, barabara ya shambani kwangu imekuwa tope, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Nakuheshimu, na nisingependa tukosane uzeeni. Lakini uliumia kichwa vibaya. Daktari mwenyewe alisema wakati ule kwamba mtu aliyepigwa hivyo anaweza kukumbuka mambo ambayo hayakutokea. Siku ile kulikuwa na kelele nyingi. Mimi sikumbuki amri yoyote kutoka magharibi.

Nimeshatia sahihi yangu. Kanali anasubiri yako hadi mwisho wa Aprili.

Kiunga


Siakago,
9 Aprili 2025

Kwa Mwalimu Purity, Gachoka

Shikamoo kwanza kwa wazee wa nyumba hiyo, na salamu kwako.

Hunijui kwa sura. Mimi ni Njoka. Nilikuwa luteni katika Kituo cha Tatu pamoja na marehemu mume wako. Kutoka hapa Siakago hadi kwako si safari ya kumshinda mtu, lakini miaka kumi na mmoja imepita na sijabisha mlangoni. Sababu ni aibu. Mimi ndiye niliyemwita Gichovi kwa redio atoke kwenye handaki lake. Sauti ya mwisho aliyoisikia ikimpa amri ilikuwa yangu.

Amri haikuwa yangu. Ilikuwa ya Kanali Kathuri, aliyekuwa anataka ulinzi wake mwenyewe, na mume wako aliitii akijua hatari yake, kwa maana aliniuliza. Hakukimbia. Sasa wanataka kuandika kitabuni kwamba alikimbia, na wananitaka nishuhudie hivyo. Nimekataa. Nakutumia ukurasa wenyewe uusome, pamoja na maelezo yangu ya siku ile, nimeyaandika kwa mkono wangu na kuyatia sahihi. Yatumie utakavyo.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nilidhani tu una haki ya kujua.

Njoka


Gachoka,
16 Aprili 2025

Luteni Njoka,

Nimekusoma. Nilisoma darasani baada ya watoto wa gredi ya nne kwenda nyumbani, kisha nikakaa hapo mpaka mlinzi akaja kufunga.

Acha nikueleze kilichotukuta sisi. Mwaka wa 2014 waliniletea sanduku bila bendera. Wenzake wa Embu na wa Meru walizikwa kwa mizinga na paredi, wake wao wakakabidhiwa bendera iliyokunjwa. Mimi niliambiwa na ofisa mmoja, aliyekuwa akiangalia viatu vyake, kwamba mazingira ya kifo hayaruhusu heshima hizo. Hakusema mazingira gani. Gachoka ni padogo. Wiki haikwisha kabla watu hawajajaza wenyewe lile lililoachwa wazi. Binti yetu Ciku alikuwa na miaka minne. Sasa ana kumi na mitano, na mwaka jana msichana mmoja bwenini alimwita mtoto wa mtoro. Alimpiga kofi, akarudishwa nyumbani wiki mbili. Nilimlaumu kwa kofi. Leo najuta kumlaumu.

Kanali Kathuri amefika kwangu pia, mwezi wa pili. Hukujua hilo. Alisema yuko tayari kulichonga jina la Gichovi kwenye jiwe, pembeni, bila cheo chake cha usajini, mradi nitie sahihi karatasi kwamba familia haitauliza tena habari ya siku ile. Alisema ni kwa huruma. Nilimwambia mume wangu hakuwahi kuomba huruma alipokuwa hai na hataanza sasa. Nikamfungulia mlango.

Unasema huniombi msamaha. Vizuri, maana sina wa kukupa leo. Lakini maelezo yako nimeyapiga chapa nakala ishirini, na tarehe saba Juni nitakwenda kwenye hilo shamba, nimealikwa au sijaalikwa. Uje nawe.

Purity


Gachoka,
17 Aprili 2025

Kwa Kapteni Kiunga, Laare

Mimi ni mke wa Sajini Gichovi. Katika barua zake za kutoka mpakani alikutaja mara mbili. Mara ya kwanza alisema wewe ndiye ofisa uliyekuwa ukipanga foleni ya chakula pamoja na askari. Mara ya pili alisema kwamba ukimwambia mtu neno, limekwisha, hana haja ya kuuliza tena.

Mimi nina swali moja tu. Siku ile uliisikia amri, au hukuisikia?

Jibu la neno moja linanitosha.

Mwalimu Purity


Embu,
20 Mei 2025

Ndugu Kiunga,

Nimepata habari kwamba yule mjane wa Gachoka anazunguka na makaratasi, na kwamba amekuandikia. Natumaini hukumjibu. Njoka naye ni mgonjwa, tumwonee huruma.

Kwenye sherehe, wewe ndiye utakayesoma ukurasa wa hamsini na mbili mbele ya wageni. Nimechagua sauti yako kwa sababu watu wa Meru wanakuamini.

Nikukumbushe jambo kama rafiki. Mwaka ule uliapa mbele ya jopo. Mtu akibadilisha maneno aliyoyaapia, hakuna anayemwita mkweli. Anaitwa mwongo wa mara mbili, na medali yake hurudishwa. Na yule aliyepokea amri akaipitisha hawezi kumtazama aliyeitoa kama mgeni. Tulikuwa wote.

Kanali (mstaafu) Kathuri


Siakago,
10 Juni 2025

Mwalimu Purity,

Nimerudi salama. Nakuandikia kwa sababu nahitaji jambo ambalo siwezi kulipata kwa mtu mwingine yeyote.

Unajua nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, na wewe ulikuwa umesimama nyuma karibu na lango, kwa sababu walikukatalia kiti. Niliona kila kitu na sikusikia chochote. Nilimwona Kiunga akipanda jukwaani na kitabu mkononi, nikasema moyoni, basi, tumeshindwa. Akakiweka kitabu juu ya meza bila kukifungua. Akaanza kusema. Niliwaona watu wakiacha kula. Niliona uso wa Kanali ukibadilika, na kijana wa mitambo akimnyang'anya Kiunga kipaza sauti, naye akaendelea kusema hivyo hivyo, mishipa ya shingo imemtoka. Ann alijaribu kuniandikia kwenye simu lakini machozi yalimzidi. Mpaka sasa, kila nikimuuliza, anasema, "Alisema kweli," basi.

Hiyo hainitoshi. Nimeisubiri miaka kumi na mmoja bila kujua naisubiri. Tafadhali niandikie alichosema, neno kwa neno, jinsi unavyokumbuka.

Njoka


Gachoka,
14 Juni 2025

Luteni,

Nilisimama mbali lakini nilisikia. Walipomnyang'anya kipaza sauti aliongea kama wanavyoongea kwenye gwaride, nadhani hata waliokuwa barabarani walisikia. Nimemuuliza Ciku naye, tukalinganisha. Alisema hivi.

"Nimeitwa hapa kusoma ukurasa ambao nimeutia sahihi. Sitausoma, kwa sababu ni uongo, na nilijua ni uongo nilipotia sahihi. Saa saba mchana Kanali Kathuri alitoa amri kwa redio watu wa mashariki waje wamlinde yeye. Niliisikia. Nilikuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwa redio. Luteni Njoka alinitazama, nami nikamwambia aipitishe. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na cheo cha kusema hapana. Sikusema."

Hapo ndipo walipochukua kipaza sauti. Kanali alisimama akasema Kapteni hajisikii vizuri, asaidiwe kushuka. Wanaume wawili walikuja. Kiunga akawaambia wakimgusa watambeba, hatatembea. Hawakumgusa. Akaendelea.

"Nikiwa hospitalini Kanali alikuja kando ya kitanda changu. Aliniambia aliyetoa amri na aliyeipitisha watahukumiwa pamoja, lakini mfu hahukumiwi. Nikaelewa. Mbele ya jopo nikasema sikusikia amri. Walikuwa watu watatu mezani, ilichukua dakika kumi. Kwa dakika hizo kumi mtoto wa Gichovi amekua akiitwa mtoto wa mtoro. Yeye na mama yake wako pale langoni, wamenyimwa viti. Medali yangu hii hapa. Sijaja kuwarudishia ili nionekane mwema. Nimeileta kwa sababu nilipewa kwa uongo, na siwezi kuendelea kukaa nayo nyumba moja."

Akaiweka juu ya kitabu, akashuka.

Kuna kitu hukukiona kwa sababu ulikuwa umegeukia jukwaa. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye mwanawe alikuwa wa handaki la Gichovi na akafa naye siku ile, aliinuka akachukua kiti chake mwenyewe akaniletea. Nilikaa. Nilikaa kwenye hicho kiti mbele ya wageni wao wote, na Kanali alipotangaza kwamba sherehe inaendelea sikuondoka, nilibaki mpaka wakaondoa kitambaa kwenye jiwe lao. Nikalisoma lote, jina kwa jina, kwa sauti. Nilipofika mahali ambapo jina lake lingekuwa nikalisoma pia: Sajini Gichovi. Mtu mmoja alinizomea. Wengine walivua kofia.

Nimekuandikia yote sasa. Kama nimekosea neno, kosa ni dogo.

Purity

Nakuongezea hili. Umesema sauti ya mwisho iliyompa amri ilikuwa yako. Nimelifikiria. Afadhali ilikuwa yako kuliko ya yule mwingine.


Laare,
12 Julai 2025

Njoka,

Unayo haki ya kutofungua barua hii. Kama umeifungua, asante.

Nilikuandikia kwamba kichwa chako kinakumbuka yasiyotokea. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonirudia nikiwa shambani. Nilijua unasema kweli, nikatumia jeraha lako kukufanya ujitilie shaka. Sina maneno ya kuliremba.

Mambo yamekwenda hivi. Chama kimenifukuza kwa barua ya mistari mitatu. Wakili wa Kanali ameniandikia mistari mingi zaidi. Nimemjibu kwamba nitafurahi kukutana naye mbele ya hakimu yeyote, mradi na Kanali awepo na aulizwe. Hajaandika tena. Kitabu hakijatoka. Nilikwenda Maua nikaapa upya, nikasema yote, na juu ya kiapo cha kwanza pia, na hati nikaipeleka mwenyewe hadi ofisi inayohusika na rekodi zetu. Ofisa aliyeipokea aliniuliza kama najua hati hii inaweza kunifanya nishtakiwe mimi. Nikamwambia najua, aipige muhuri. Akaipiga. Nimeambiwa nisubiri.

Huku Laare wapo wanaonisalimia na wapo wanaovuka barabara. Mnunuzi wangu wa siku zote ameniambia hawezi kununua kwa mtu aliyelitia jeshi aibu. Nimepata mwingine.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Gachoka. Sikualikwa. Mwalimu Purity alinikuta mlangoni akaniambia kabla sijafungua mdomo kwamba hajanisamehe na nisimuulize lini. Nikamwambia sikujia hilo, nimekuja kujibu swali lake la Aprili, kwa sababu alinitaka nimjibu yeye na mimi niliwajibu wageni wa Kanali. Nikamwambia, "Niliisikia." Akaniambia niingie, binti anataka kuniona.

Ciku ni mrefu, Njoka. Ana paji la uso la baba yake. Aliketi mbele yangu na daftari kama mwendesha mashtaka akaniuliza mambo ambayo jopo lile halikuniuliza. Handaki lilikuwa na kina gani. Uwanja ulikuwa na hatua ngapi. Baba yake alikuwa wa ngapi kutoka. Nikamjibu yote: kina cha kifua, hatua kama mia mbili, na alitoka wa kwanza. Aliandika kila kitu.

Kisha akauliza, "Aliogopa?"

Jibu la kijeshi lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, lile tunalowapa watoto wote. Nilimtazama mama yake, mama yake akatazama pembeni, hakunisaidia. Nikamwambia, "Ndiyo. Redio ilikuwa karibu nami, niliisikia sauti yake alipouliza nani atabaki. Aliogopa. Sote tuliogopa. Kisha akatoka."

Nilidhani atalia. Hakulia. Alifunga daftari akaniuliza kama hilo limo kwenye hati yangu ya kiapo. Nikamwambia halimo, nilidhani litampunguzia heshima.

"Liandike," akasema. "Sitaki waje waseme hakujua anakokwenda."

Nikamweleza kwamba hati imeshapigwa muhuri, imeshapelekwa, haiguswi tena.

"Basi andika nyingine."

Jumatatu ya tarehe ishirini na nane narudi Maua. Kama unaweza kufika, tuape pamoja.

Kiunga